Spika ya Upande wa Mlango

Naikumbuka siku moja, mwanangu, mwisho wa miaka ya tisini, nilipomwingiza mama kwenye chumba changu cha sauti kule Diani. Mimi huyu nilikuwa msichana fundi wa spika, na usicheke! Harusi za Msambweni nani alizipigia muziki kama si mimi na marehemu baba yangu?

Baba alikuwa amefariki, na mama ndio kwanza ametoka eda. Msanii mmoja mgeni akanitafuta. Alikuwa amekodi ghala tupu pale Diani, ataka watu waketi katikati wazungukwe na sauti za pwani yetu. Nikamwambia nitamjengea nyumba yetu, kwa sauti tupu. Ukweli ni kwamba sikuwa nikimjengea yeye. Nilikuwa na hamu na baba mpaka kifua kikaniuma.

Basi nikatega spika kila upande. Nyuma, nazi ikikunwa kwenye mbuzi. Kushoto, fagio la uani na kuku. Kulia, dada zangu wakibishana kisimani. Ukifumba macho, uko Msambweni. Yule mgeni akanisifu weee, na mgema akisifiwa, mwanangu, wajua mwenyewe.

Ikabaki mbele, upande wa mlango. Baba hakuwahi kuingia nyumbani kwake bila kupiga hodi, ili wanawake waliomo ndani wapate kujistiri. Lakini miaka yote alirekodi harusi za watu, sauti yake mwenyewe haimo kwenye kanda hata moja. Nikamwendea ami yangu, mdogo wake baba, maana walifanana sauti. Akasita sana, kisha akakubali kwa kunihurumia, nikamrekodi.

Siku ile nilipomwingiza, mama akaketi mkekani. Aliposikia nazi, akatabasamu. Mara mbele pakaita, "Hodi humu ndani!" Mama akavuta kanga kichwani, akainuka. "Karibu, baba Mwanasha!" Akatazama. Ukuta. Lo! Uso wake ule sitausahau.

Nikazima mashine mbio. "Mama, nilitaka umsikie tena."

"Huyu ni shemeji yangu," akasema. "Nimlilie mume wangu kwa sauti ya shemeji? Mwanasha, mlango wa baba yako usimpe mtu. Nina hamu naye kuliko wewe, lakini hamu hiyo ni yake yeye."

Nikaifuta ile hodi mbele yake. Spika nikaiacha pale pale, kimya. Mgeni alinung'unika, nikamwacha anung'unike. Mama akaniambia niwashe zilizobaki. Akageukia upande ule wa kimya, machozi yakimtoka, nami nikaketi kando yake nikalia kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Nakuusia, mwanangu, maana siku hizi nasikia mna mitambo ya kumsemesha hata aliyekufa. Wasikilize wako wakingali wanakuita, uitike upesi. Akitangulia mmoja, muombee, mlilie, na mahali pake usipajaze kwa mfano wake. Hamu haiui mtu. Nimekaa nayo mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na hata asubuhi hii nimeamka na hamu na baba.

Mola akuwekee wazazi wako, na siku atakapowachukua, akupe machozi ya kuwatosha. Amin.