Glasi Niliyompa Baba Anuse

Ulimi wangu si wa kuaminiwa. Ukipewa kitu kitamu hukisifu kupita kiasi, na ukipewa kichungu hutafuta ndani yake huzuni ambayo haimo. Ndiyo sababu, jarida moja la mtandaoni liliponiomba niandike kuhusu mvinyo ambao mtu wa kawaida wa Nairobi anaweza kumudu, niliamua kuazima ndimi za watu wengine.

Nilikwenda Ngara, kwenye duka la jumla linalouza biskuti upande mmoja na pombe upande wa pili, nikaomba chupa ya poti. Mwenye duka, mzee aliyevaa sweta licha ya jua, aliishusha kutoka rafu ya juu na kuifuta vumbi kwa kiganja. Poti ni mvinyo wa Ureno unaotiwa pombe kali kabla sukari ya zabibu haijakwisha kuchacha, kwa hiyo hubaki mtamu na hupanda kichwani upesi. Ile ya bei ya chini huitwa rubi, kama kito, maana haikai sana kwenye mapipa na wekundu wake haujapata nafasi ya kuzeeka. Niliiinua chupa kuelekea mlangoni. Mwanga wa barabara uliingia ndani yake ukawa damu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimealikwa chakula cha mchana Lavington, nyumbani kwa mama ya mpenzi wangu. Nikaibeba chupa.

Hapa lazima niseme jambo moja, maana bila hilo yaliyotokea hayana uzito. Mpenzi wangu alikuwa ameniomba tuoane, nami nilikuwa nimemwomba anipe muda. Sikuwa nimesema ndiyo, wala sikuwa nimesema la. Nilimpenda, hilo halikuwa swali. Swali lilikuwa ile nyumba ndogo nyuma ya bustani ya mama yake, ambayo mpenzi wangu alikuwa amekwisha kuipaka rangi kwa ajili yetu, na meza ya kuandikia ambayo alikuwa amekwisha kuiweka mbele ya dirisha bila kuniuliza kama napenda kuandika nikitazama nje. Sipendi. Ningependa ukuta. Lilikuwa jambo dogo na nililiona aibu kulitaja, kwa hiyo nililibeba moyoni wiki baada ya wiki, nalo likazidi kukua.

Baba yangu naye alikuwa amealikwa. "Ni chakula tu na kufahamiana," mama ya mpenzi wangu alikuwa amemwambia kwenye simu. "Mzee asiogope, hatujaanza mambo makubwa." Baba hufuga ng'ombe wa maziwa huko mbele ya Dagoretti, na ameokoka tangu kabla sijazaliwa. Chupa ya bia ikifunguliwa harusini, yeye hutafuta kofia yake. Huniita Mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake mzazi, na kila anaponiita hivyo sauti yake hushuka kidogo, kana kwamba yule bibi bado anaweza kumkemea.

Tulikuwa watano mezani. Wa tano alikuwa mjomba wa mpenzi wangu, kaka ya mama yake, mtu mnene mcheshi ambaye ukoo wao humtuma kuwa msemaji kila unapokwenda kuomba msichana. Tulikula, sahani zikaondolewa, nikafungua chupa. Baba akaomba chai. Sisi wengine wanne nikatumiminia, kila mtu kidogo kwenye glasi yake, nikawaeleza kazi yangu: mwonje, mniambie ukweli, msinifurahishe.

Mama mwenye nyumba alionja kwanza. "Hii ni dawa ya kikohozi," alisema. "Ile ya watoto, ya kijiko." Akaonja tena. "Lakini si mbaya. Ni dawa ya kikohozi cha Krismasi."

"Dada, wewe huna koo, una bomba," mjomba alimjibu. Alifumba macho, akaizungusha mdomoni kwa muda mrefu. "Hii ni zambarau. Zile ukila ulimi unakuwa bluu, mpaka mwenye shamba hana haja ya kuuliza nani aliiba."

Nilicheka, nikayahifadhi yote mawili kichwani. Kwangu mimi ilianza kama jamu, utamu mnene usio na haya. Halafu moto ukawaka nyuma ya ulimi, na ulipozimika kikabaki kitu kikavu, chenye kukwaruza, kama yale maganda mekundu ya karanga yanayobaki mdomoni ukizila bila kuzipeta. Nilimgeukia mpenzi wangu. Alikuwa na simu mkononi.

"Wanasema cheri nyeusi," alisoma. "Chokoleti. Na pilipili manga kwa mbali."

"Nani wanasema?"

"Wataalamu."

"Nimekuuliza wewe."

Alionja haraka. "Hata mimi naskia hivyo hivyo."

"Huyu," mjomba alisema, "hata ugali atauliza simu kama umeiva."

Tulicheka wote, yeye pia. Kisha nikamtazama Baba, aliyekuwa akipuliza chai yake pembeni yangu, nikakumbuka kwamba mtu huyu huinama juu ya shimo la kuhifadhia malisho ya ng'ombe na kujua kwa pua peke yake kama nyasi zimechacha vizuri au zimeharibika. Pua kama hiyo haipaswi kukaa bure. Nikapiga funda moja zaidi ili nihakikishe lile ganda la karanga, nikamgeukia.

"Baba, nusa tu. Huonji. Niambie inanukia nini."

Nikampa glasi yangu. Nilimpa kwa mikono miwili, kama ninavyompa kila kitu. Naye akaipokea kwa mikono miwili.

Aliinusa kwa makini, kama mtu anayesoma. "Molasi," alisema. "Ile tunawamwagia ng'ombe kwa nyasi kavu. Halafu kuna plamu hapa ndani, zile zimeanguka chini zikakanyagwa." Akaniangalia juu ya ukingo wa glasi. "Mama, kumbe watu wa Lavington wanakunywa chakula ya ng'ombe?"

Nilicheka kwa nguvu. Kisha nikagundua kwamba nacheka peke yangu.

Mjomba alikuwa ameweka glasi yake mezani. Uso wake uliokuwa na mzaha tangu tulipoketi ulikuwa umetulia. "Mmeona kitu nimeona?" aliuliza polepole.

Na mama mwenye nyumba akarusha kichwa nyuma, akapiga vigelegele.

Sijawahi kusikia sauti kubwa kama ile ndani ya chumba. Ilipanda mpaka kwenye dari, ikatoka dirishani, na ndege wakaruka kutoka kwenye ua. Nilimtazama nikiwa sijaelewa, halafu nikaelewa.

Kwetu Wagikuyu, wazee wa kijana wanapokuja kuomba msichana, huja na kinywaji. Zamani kilikuwa pombe ya asali, siku hizi ni chochote ambacho pande mbili zimekubaliana. Lakini hakuna mzee anayekinywa kabla ya msichana. Msichana huitwa mbele ya wote, akapewa kikombe. Akionja, kisha akampa baba yake, amekubali kuolewa. Hatakiwi kusema neno. Kikombe ndicho kinachosema, na baba akikinywa, limekwisha. Nimeliona hilo kwa binamu zangu. Nililiandika katika riwaya yangu, kurasa nzima. Na bado mikono yangu mwenyewe ilikuwa imelifanya mezani pa watu, mbele ya msemaji wa ukoo wao, nami nikifikiria maganda ya karanga.

"Hapana," nilisema. "Nilikuwa namwambia anuse."

Hakuna aliyenisikia. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuishika simu, akituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia: "Jameni, amempa babake! Hapa kwangu mezani! Hata hatukuwa tumepanga, ni Mungu!" Mjomba alikuwa amesimama, anamsalimia Baba kwa jina jipya: mkwe wangu. Nilimgeukia mpenzi wangu ili anisaidie. Alikuwa ameketi karibu nami kiasi kwamba kiwiko chake kiligusa changu. Alikuwa amenisikia nikisema nusa. Hakuna aliyesikia vizuri kuliko yeye.

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, naye alikuwa anatabasamu.

"Waambie," nilimnong'oneza.

Akanishika mkono chini ya meza, akaufinya. "Acha tu," alisema. "Si tungefika hapa tu? Usiharibu."

Nilimtazama. Sauti ya chumba ilikuwa imerudi nyuma, kama ya redio kwenye nyumba ya jirani, na nilichokuwa nakiona ni uso huo mzuri nilioupenda, mtulivu, ulioridhika. Alijua kwamba sikuwa nimesema ndiyo. Alijua, naye alikuwa radhi kuichukua hivyo hivyo, kama mtu anayeokota kitu kilichodondoka njiani huku akimwona mwenye nacho.

"Nyamazeni kidogo," Baba alisema.

Alisema hivyo katika nyumba ya watu, yeye ambaye huomba radhi hata anapopiga chafya. Wakanyamaza. Alikuwa bado ameishika glasi kwa mikono miwili, mvinyo ukichora duara jekundu ndani yake. Akasimama.

"Mimi ni mtu wa wokovu," alisema. "Haya mambo niliyaacha. Lakini nikiwa kijana niliyaona, na hapa mnasema ni mila. Kama ni mila, kuna swali mmeruka. Baba hanywi kabla hajauliza."

"Kweli kabisa," mjomba alisema, na nilishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa na heshima. "Huwa anauliza."

Baba akanigeukia. Aliinua glasi mpaka karibu na midomo yake, midomo ambayo sijawahi kuiona ikigusa pombe maishani mwangu, na hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwa anaigiza.

"Mama," alisema. "Nimepewa hii na mkono wako. Ninywe?"

Duara lile jekundu lilitulia. Nje mtu alikuwa anafagia majani.

"Usinywe, Baba," nilisema.

Mama mwenye nyumba aliishusha simu. Ilikuwa inalia mfululizo, jamaa zake wakituma hongera. "Usinywe leo?" aliuliza, sauti yake ikiwa nyembamba sana. "Ama usinywe kabisa? Binti yangu, hebu sema vizuri, watu wamesikia."

Lilikuwa swali la haki. Bado ningeweza kusema leo. Nilikuwa nalitaka neno hilo, leo, lingetuokoa sote na aibu. Nikamgeukia mpenzi wangu mbele ya wote.

"Nilipompa Baba glasi," nilimuuliza, "nilimwambia nini?"

Alitazama kitambaa cha meza. Akamtazama mama yake, kisha simu ya mama yake.

"Sikumbuki vizuri," alisema.

Nadhani hata yeye alishtuka alipojisikia. Nilimwona akiwa mdogo, mtoto wa nyumba ile, ambaye hajawahi kusimama upande mwingine wa meza. Nilimhurumia. Huruma hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Kabisa," nilimwambia mama yake.

Alipiga kelele, si ya vigelegele sasa. Alisema nimewavua nguo mbele ya ukoo mzima. Alisema nilikuwa nimeonja, nimeonja mbele ya macho yake, na msichana hawezi kurudisha alichomeza. Mjomba ndiye aliyemzuia, kwa kuinua tu kiganja chake kinene.

"Dada, ameulizwa na babake, amejibu," alisema. "Hiyo ndiyo kazi ya hicho kikombe. Hakikutengenezwa cha kusema ndiyo peke yake." Kisha akanitazama, na hakukuwa na mzaha wala hasira machoni pake. "Nimepeleka hicho kikombe kwa nyumba nyingi, msichana wangu. Sijawahi kuona baba akiambiwa asinywe."

Baba aliiweka glasi mezani taratibu, akamshukuru mama mwenye nyumba kwa chakula, akatafuta kofia yake. Mpenzi wangu hakuinuka. Mpaka tunafika mlangoni nilingojea nisikie kiti kikisukumwa nyuma, na sikukisikia.

Tulitoka langoni tukatembea kuelekea Dagoretti Corner, mimi na Baba, kando ya kuta ndefu zenye maua juu. Mdomo wangu ulikuwa bado mtamu, na chini ya utamu ule ukavu ulikuwa bado unakwaruza. Makala ya jarida nilikuwa nayo kichwani, kamili, ndimi zote zimekusanyika.

"Mama," Baba alisema.

"Naam, Baba."

"Ungesema ninywe, ningekunywa."

Nilisimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, lile analolivaa akiombea wagonjwa na kuzika majirani, na alilisema hilo kwa sauti ile ile anayotumia kusema kwamba jioni itanyesha.

"Na kanisa?" nilimuuliza.

"Wangeniita. Ningeenda niwaambie binti yangu aliniambia ninywe."

Akaendelea kutembea, mikono nyuma, nami nikabaki nimesimama katikati ya njia, nikimtazama mgongo mtu ambaye nilidhani namjua, mpaka aliposimama mbele kule na kugeuka kuningoja.