Damu Iliyorudi Baada ya Kukoma

Nakumbuka siku moja ya mvua pale Itebero, kijijini kwetu msituni mashariki mwa Kongo, nikiwa mke mdogo anayeogopa hata kukohoa mbele ya wakwe, nilipomkuta mama mkwe wangu kijitoni akifua vitambaa peke yake. Maji yalikuwa mekundu. Mwanangu, huyo mama alikuwa ameacha kuona siku zake hata kabla mimi sijaolewa.

Kwetu watu waliwinda kwa nyavu, na mwanamke aliye katika siku zake hakuruhusiwa kugusa wavu. Aliyekwisha kukoma ndiye aliyefungua wavu wa kwanza asubuhi ya mawindo, na wanaume wote walimsubiri. Mama mkwe aliipenda heshima hiyo kuliko nyama yenyewe, na mimi namwelewa, maana sisi wanawake wa msituni hatusubiriwi mara nyingi. Basi damu iliporudi, aliificha.

"Unyamaze," aliniambia. "Banaume bakijua, batanikataza wavu."

Nikambembeleza mpaka akakubali twende kituo cha afya. Muuguzi, mama mmoja mpole, alimpaka siki kwenye mlango wa kizazi ili doa la ugonjwa, kama lipo, lijitokeze, akaangalia, akasema pale hakuna kitu kibaya. Mama mkwe alianza kucheka huku akifunga kitenge chake. Muuguzi akamshika mkono.

"Mama, ngoja kwanza. Nimeangalia mulango tu. Mule ndani ya kizazi miye sina namna ya kuona, na damu inatoka mule. Muende Bukavu, kwa munganga wa magonjwa ya wanawake. Atapiga ekografi, ile picha ya mu tumbo, atakamata kanyama kadogo mule ndani, bakapime mu laboratware. Inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza kuwa kansa. Bila ile kipimo, hakuna mwenye kujua."

Njiani kurudi, mama mkwe alishika neno moja tu, kwamba mlango ni safi. Habari za Bukavu hakutaka kuzisikia. Nilikasirika, nikalia, halafu nikafanya jambo ambalo mke wa kwetu hafanyi: nilimwendea baba mkwe. Mambo ya kizazi hayasemwi mbele yake, kwa hiyo nilimpa mgongo, nikayasema yote nikiutazama ukuta.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mkewe, akaukunja wavu mbele yetu.

"Hii wavu nilifuma na mikono yangu, nikitaka nitafuma ingine. Wewe nitakutoa wapi?" Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, geuka. Muntu mwenye kuleta neno ya kuokoa mwenzake, asisemeshe ukuta."

Wakaondoka wote wawili, wakapita Hombo, wakaendelea hadi Bukavu. Majibu yalikawia, na mama mkwe alitaka kurudi nyumbani bila kuyangoja; mumewe akakataa. Ilikuwa kansa kweli, ila ilikuwa haijatoka nje ya kizazi. Madaktari wakamfanyia upasuaji, wakakitoa kizazi. Alirudi mwembamba, mkali kuliko zamani, na aliishi hata akawafundisha wanangu wote kutembea.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Damu ikirudi baada ya kukoma, usijidanganye kwamba ujana umerudi. Ikija ovyo katikati ya mwezi, hata kama bado unazaa, kaulize pia. Mara nyingi si kansa, lakini hilo aliseme aliyepima, sio jirani wala moyo wako unaotaka kulala vizuri. Ukipewa vidonge tu, uliza kwa adabu: mmeangalia wapi, na wapi hamjaangalia? Mlango wa kizazi ukiwa safi, ni mlango tu uliojibu. Ndani bado hakujaulizwa. Omba wakutume kwa daktari bingwa, na usiondoke kabla majibu hayajatoka.

Na kama anayetoka damu ni mama yako, naye anaficha, sema. Atakununia. Mama mkwe alininunia mpaka siku anaondoka kwenda Bukavu, na leo ningetoa chochote ili aninunie tena.

Mungu akulinde mwili wako wote, hata pale unapoona haya kupataja, na siku ya kwenda kupimwa usikose wa kukushika mkono.