Daraja la Mizizi Bafuni

Nikiri mapema: ni mimi niliyeung'oa mti wa mpira wa mama kwenye chungu chake na kuulaza juu ya beseni la kuogea. Nilikuwa na miaka saba, akili ziko likizo.

Wiki iliyopita, kwenye stesheni ya treni ya Rissne, huku Uswidi, niliona tangazo la safari za Meghalaya, ile milima ya India yenye mvua isiyochoka, nikacheka peke yangu kama kichaa. Mchana ule wa utotoni, jirani yetu aliyezaliwa huko alikuwa amenionyesha picha za maporomoko, mapango, na daraja lililo hai, lililosukwa kwa mizizi ya mti wa mpira juu ya mto.

"Unaielekeza mizizi, halafu unasubiri," aliniambia. Hakusema wanasubiri miaka na miaka. Mimi nilidhani ni hadi saa ya chakula.

Basi nikajaza maji, nikafunga mizizi kwa kamba za viatu hadi kwenye bomba, nikasubiri. Bafu zima lilinukia udongo uliolowa. Mama aliupenda mti ule. Asubuhi aliusalimia kabla ya kunisalimia mimi. Nikasikia funguo mlangoni.

Akasimama na koti lake la kazini. "Nini hii?"

"En bro," nikajibu kwa Kiswidi. "Daraja, mama. La India. Bado linakua."

Akautazama mti, akanitazama mimi. Akavua soksi, akaketi ukingoni, akatumbukiza miguu majini.

"Papa," akasema, jina aliloniita akinidekeza, "rudisha mti kwenye chungu, halafu uniletee chai. Mimi nishafika India, leo sitoki."