Jumatatu Niliyomrudisha Mama Kerubo

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeisahau. Juzi umeajiriwa ofisi za kaunti pale Kisii mjini, leo umekuja kunionyesha kitambulisho cha kazi, na nimefurahi, kweli kabisa. Lakini kaa kwanza. Kunywa chai, unisikilize.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani wa upimaji wa mashamba huku Ekerenyo. Nilikuwa na kaptula ya kaki, muhuri, na kichwa kikubwa. Sheria ilisema mashamba yakishapimwa, daftari lenye majina ya wenyewe liwekwe wazi siku sitini, na anayeona ameonewa alete malalamiko.

Mama Kerubo alikuwa mjane mwenye mabinti watatu, hana mtoto wa kiume. Shemeji yake, Nyakundi, aliandikisha shamba lote kwa jina lake, pamoja na pale alipozikwa marehemu. Mama hakujua kusoma. Alipata habari sokoni Ijumaa jioni, na siku ya sitini ilikuwa Jumamosi. Sasa wewe unatujua sisi Wasabato. Jua likizama Ijumaa, mambo ya ofisi basi, hata kama ni shamba lako linakwenda. Jumamosi hiyo ofisi alifungua mwenzangu Mkatoliki. Mimi nilikuwa kanisani, benchi moja nyuma ya Mama Kerubo, tukiimba pamoja.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mlangoni, miguu imelowa umande.

"Karani, mwanangu, niandikie malalamiko yangu," aliniambia.

"Mama, muda uliisha juzi."

"Juzi si tulikuwa wote kanisani?"

Nilijua anasema kweli. Lakini watu walikuwa kwenye foleni wakinitazama, na mimi, Mungu anisamehe, niliona raha ya kukataa. Nikafunga daftari. "Sheria ni sheria, mama. Nenda nyumbani." Loo, ujinga wa ujana!

Alhamisi afisa wetu, mzee mpole wa kutoka upande wa ziwani, alipata habari. Hakunipigia kelele.

"Nani alikupa mamlaka ya kumfukuza?" aliniuliza. "Kazi yako ni kupokea na kuandika. Kukubali au kukataa ni kwangu, na mimi nikikosea wako walio juu yangu. Sasa daftari limeshaenda Nairobi. Nenda leo hii ukamwambie bado anaweza kukata rufani. Barua nitamwandikia mwenyewe."

Sikwenda. Niliona aibu, mwanangu. Nikasema kesho, kesho ikawa wiki, muda wa rufani nao ukapita. Nyakundi akapata hati yake, akapanda majani chai mpaka ukingoni mwa kaburi la kaka yake. Mama Kerubo akahamia kwa binti yake, Magwagwa.

Alifia huko, miaka michache baadaye. Alikuwa ameomba alazwe kando ya mumewe, lakini Nyakundi alikataa, na hati anayo. Nilikwenda mazishini. Binti yake Kerubo hakuwahi kuambiwa yaliyotokea pale ofisini, basi akaniletea kiti. "Karibu baba," akasema, "asante kwa kumkumbuka mama." Nililia hata watu wakadhani mimi ni ndugu wa marehemu.

Ndiyo maana nakuambia. Muhuri utakaopewa si wako, umeazimwa tu, na sheria iliyokuazima imesema unaishia wapi. Isome barua yako ya kazi mpaka ujue lipi hukupewa. Mtu akileta malalamiko, yapokee, hata ukidhani amechelewa. Mwenye kuamua ataamua. Na siku ukimkosea mtu, maana utamkosea, mwambie siku hiyohiyo aende wapi kukushtaki, hata ukiona aibu. Mimi niliona aibu nikabaki nyumbani.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe maisha marefu na moyo wa kusikiliza, na siku utakayostaafu asiwepo mjane hata mmoja unayemkwepa njiani.