Vua Kwanza

Duka la Épiphanie pale Kibagabaga lilikuwa na sheria moja: hakuna kuingia na helmeti kichwani. Madereva wa pikipiki, abiria waliosahau kuirudisha, hata mchungaji, wote waliivua mlangoni. "Mimi nauzia watu, siuzii mayai," Épiphanie alikuwa akisema, wala hacheki. Mumewe alipofariki, watu walidhani atalegea. Alizidi kuwa mkali.

Wiki ile alikuja mwanamume mwenye helmeti ya kioo cheusi. Siku ya kwanza duka lilikuwa limejaa. Alinunua kiberiti, akatoka kabla hajakaripiwa. Siku ya pili alikaripiwa, akajifanya hasikii. Alichukua kiberiti kingine, akaacha pesa, kisha akasimama akikitazama chumba cha nyuma, kichwa kikigeuka polepole. Siku ya tatu alirudi mchana, mvua ikiwa imewafukuza wateja wote.

Épiphanie akaficha viberiti chini ya kaunta. "Vua kwanza. Hapa tunaonana nyuso."

Mtu yule alishika mkanda wa helmeti chini ya kidevu, akangoja, kama anayempa nafasi ya kughairi. Kisha akaivua.

Alikuwa Bertrand, mdogo wa marehemu mumewe, yule aliyeapa matangani kwamba duka ni la ukoo, si la mjane. Wiki mbili zilizopita aliwaaga wote kwamba anarudi Bujumbura, na wote wakaamini.

"Ungeniuzia tu kiberiti, shemeji," akasema kwa upole. "Sasa umeniona."

Akaiweka helmeti juu ya kaunta, akaenda kuufunga mlango.