Utepe Mweusi wa Maureen

Cyril Tebbutt alifutwa uanachama wa chama cha watafuta metali, wanaosaka sarafu za kale mashambani, katika mkutano ambao hakualikwa. Wenzake walikutana kwenye baa ya kijiji. Yeye alikuwa jikoni kwake, nyumba ya nne kutoka hapo, na hakuna aliyejisumbua kumgongea mlango. Kosa lililotajwa ni kuchimba mashimo matupu katika malisho ya Bi Hester Goodliffe. Kwa nini yalikuwa matupu, walijua wote.

Mashine ya kutafutia metali ina sahani bapa ambayo mtafutaji huipitisha karibu na ardhi. Wapo wanaoivika kifuniko cha plastiki ili isichubuliwe na mawe na mabua, na wapo wanaoiacha wazi, kwa kuwa udongo wetu wa Rutland, hapa Uingereza, ni mwekundu na umejaa chuma: ukipenya kati ya sahani na kifuniko, mashine hulia pasipo na kitu. Mwenye busara hukivua mara kwa mara akakisuuza.

Cyril hakuwahi kukivua. Aliyekivisha ni mkewe, Maureen, katika majira ya kuchipua ya mwisho wa uhai wake; akazungushia utepe mweusi wa mafundi umeme, akiubana kwa kidole gumba pembeni kote. Walizoea kutembea mashambani pamoja, mume na mashine, mke na koleo na chupa ya chai. Baada ya mazishi Cyril alikwenda peke yake, akila mkate wake wa jibini akiwa ameegemea ukuta wa mawe, na zilipita siku nzima bila kusema neno ila kwa kondoo. Malisho yale ya Bi Goodliffe ndiyo pekee yaliyombakia. Akiyakosa, hakuwa na pa kwenda.

Katika kiangazi cha 2018 mvua ilikataa. Kila mashine ilipolia, Cyril alikata kipande cha nyasi kwa uangalifu, akachimba, akafukia, akakanyaga. Lakini kwa ukame ule kila kipande kilikauka, na malisho yakajaa madoa ya manjano. Bi Goodliffe alimngojea langoni, pamoja na Barry Stimson, mwenyekiti wa chama.

"Cyril, shamba langu limeota ndui."

"Nimefukia yote, Bi Goodliffe."

"Sikatai. Umepata nini?"

"Kizibo cha bia."

"Kwa mashimo yote hayo? Hata fuko huambulia mnyoo."

Barry akacheka. "Mashine yako imeshiba matope, mzee. Kata huo utepe, uvue hicho kifuniko. Dakika moja tu."

"Sikati."

"Basi endelea kuchimba hewa."

"Si kwangu," alisema Bi Goodliffe. "Kivue, Cyril, au usirudi. Nina kondoo wa kulisha."

Cyril hakueleza utepe ule ni wa nani. Bi Goodliffe hakujua. Barry alijua, alikuwapo siku Maureen alipoufunga, na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

Alhamisi ile, chama kilipokuwa kikipiga kura, Cyril aliketi mezani jikoni akaukata utepe kwa kisu cha kumenyea viazi. Kifuniko kilipoachia, udongo uliogandamana ulidondoka vipande vipande, na upande wa gundi wa utepe ulikuwa na unywele mmoja wa kijivu, mrefu kuliko wake. Akaisugua sahani hadi ikang'aa.

Asubuhi akaenda langoni na mashine iliyo wazi.

"Nimekivua," akasema.

Bi Goodliffe aliitazama sahani, kisha akatazama kando. "Barry amenipigia simu. Wamekutoa. Bila bima ya chama ya kulipia hasara shambani siwezi kukuruhusu, Cyril. Hawajakwambia?"

"Bado."

"Ungewaambia kwamba utakivua."

"Hawakuniuliza."

Alisimama pale kidogo, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, kisha akageuza njia. Baadaye ndipo Bi Goodliffe alipopata habari za Maureen na utepe wake, dukani, kwenye foleni ya mkate. Jioni hiyo hiyo akakifungia chama kizima lango lake.

Lilifunguliwa tarehe 6 Februari 2020, siku chama kilipopitisha kanuni kwamba mwanachama hafutwi kabla ya kusikilizwa ana kwa ana. Cyril alirudishiwa uanachama siku hiyo. Mashine alikuwa ameshaiuza.