Mwaminifu kwa Kiasi

Siku hizo nilikuwa nafundisha Kiingereza katika shule ndogo ya kibinafsi, si mbali na mtaa unaoitwa West Indies, na nilikuwa na ugonjwa mmoja: sikutaka kuliona neno very. Nikiwa mtoto, mwalimu wangu alinisimamisha mbele ya darasa kwa kuandika kwamba mama yangu alikuwa "very, very, very happy." Wenzangu walicheka hadi wakalalia madawati. Nikaapa sitaliandika tena.

Nilipokuwa mwalimu mwenyewe, nilibandika ukutani karatasi kubwa ya manila yenye maneno ya kuchukua nafasi yake: extremely, highly, quite, rather, fairly. Nikawaambia wanafunzi kwamba yote maana yake ni "sana", kila mtu achague linalompendeza. Hakuna aliyenipinga. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu.

Mpishi wa shule alikuwa mwanamke wa kutoka upande wa Vihiga. Sote tulimwita Mama. Alikuwa ametupikia miaka minane, na sikumbuki hata siku moja uji wa saa nne ulipochelewa. Akasikia kwamba shule fulani ya bweni kule Ainabkoi inatafuta mpishi, na kwamba mpishi hupewa nyumba ya kuishi. Akanijia wakati wa mapumziko, mikono bado ina unga.

"Mwalimu, nisaidie na barua. Wewe ndio unajua Kizungu ya maana."

Maneno hayo yalinipanda kichwani. Nilitaka kusema kwamba yeye ni mwaminifu sana, msafi sana, tena huwahi kazini sana. Lakini mtu aliyesoma, niliona, harudii neno. Nikaandika kwamba yeye ni fairly honest, rather clean, na quite punctual. Nikaisoma barua mara mbili kwa kupenda tu jinsi inavyosikika, kisha nikamweleza kwa Kiswahili. Aliitia ndani ya Biblia yake isije ikakunjika.

Alirudi kutoka Ainabkoi Alhamisi, akasimama mlangoni pa staffroom. Tulikuwa walimu wanne ndani.

"Mwalimu, wamekataa."

"Wamesema nini?"

"Madam mkubwa wa hiyo shule alisoma barua kwa sauti mbele ya wenzake. Kila mahali akisimama, ananiuliza, 'Hii ni ukweli?' Mimi nasema ni ukweli kabisa, mwalimu wetu hawezi danganya. Wakaangaliana. Mwisho akaniambia kwa Kiswahili, 'Mama, hapa imeandikwa wewe ni mwaminifu kwa kiasi tu. Na usafi wako ni wa hivi hivi.'"

Mwalimu mwenzangu mmoja, msichana aliyetoka chuo juzi, aliinua uso kutoka kwenye vitabu alivyokuwa anasahihisha. Nikajua kwamba yeye anajua kosa ni la Kiingereza changu. Masikio yakanichoma.

Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Mama, nimekosea." Maneno mawili. Kabla sijafungua mdomo, yeye akaanza, sauti iko chini.

"Kama ni ile githeri, mwalimu, ungeniambia tu. Nilibeba mara mbili, ile ya kubaki, watoto walikuwa hawana kitu nyumbani. Sikujua uliniona. Nisamehe."

Sikuwa nimemwona. Sikujua lolote kuhusu githeri, yale mahindi na maharagwe ya mchana. Lakini nikaona mlango wa kutokea, nikaupita.

"Yamepita, Mama," nikamwambia. "Usirudie tena."

Alishukuru. Alinishukuru kwa kumsamehe, akarudi jikoni akiwa ameinamisha kichwa, na yule mwalimu kijana akarudisha macho kwenye vitabu vyake.

Jioni, wanafunzi walipoondoka, nilifungua kamusi kwenye simu nikiwa nimesimama mbele ya manila yangu mwenyewe. Fairly: kwa kiasi, si sana. Nikaibandua ile karatasi. Kesho yake niliwaambia wanafunzi kwamba mtaala umebadilika. Hata hapo nilidanganya.

Ilinichukua wiki mbili kufika jikoni. Nilimkuta anakoroga maharagwe, nikamwambia yote, kwamba kosa lilikuwa la Kiingereza changu na si lake. Hakuacha kukoroga.

"Kwa hivyo haikuwa mambo ya githeri."

"Haikuwa."

"Na nikikuomba msamaha, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Mama."

Alifunika sufuria. "Hiyo siku nililia kwa choo, mwalimu. Nilidhani shule yote inaniita mwizi."

Niliandika barua nyingine, yenye very katika kila mstari, nikaipeleka Ainabkoi mimi mwenyewe. Yule madam aliisoma, akaniambia kwamba kazi ilishapata mtu. Halafu akauliza ni nani aliyeandika ile ya kwanza.

"Ni mimi."

"Na unafundisha somo gani?"

"Kiingereza," nikasema. Alinitazama kidogo, akanirudishia karatasi yangu.

Mwaka uliofuata, Mama alipata kazi kwenye hoteli moja pale Cheptiret, kupitia kwa mwenzake wa kanisani. Hakuna aliyemwomba barua. Nilipita pale mwezi uliopita nikaagiza ugali na mboga. Alinisalimia kwa heshima, "Karibu mwalimu," akaniuliza kuhusu shule, akaniletea sahani iliyojaa. Kisha akaingia jikoni, na hakutoka tena mpaka nilipomaliza kula nikaondoka.